Minyoo wa chini ya bahari: wafanyavyo planktoni inapochanua

Tunapozungumza habari za bahari, mara nyingi tunataja vinavyoogelea na vinavyoelea: changu, tafi, kamba, mashua na meli. Makala haya yanahusu walio chini kabisa, ndani ya mchanga na tope, wadogo kiasi kwamba mtu anaweza kukanyaga maelfu yao kwa unyayo mmoja na asijue. Ni minyoo wembamba mfano wa uzi, ambao wataalamu huwaita nematodi. Swali letu ni hili: planktoni inapochanua juu ya bahari kwa msimu wake, kisha ikafa na kuzama, minyoo hawa hufanya nini?

Si swali la maabara peke yake. Pwani yetu inajengwa na kuchimbwa. Bandari zinapanuliwa, mchanga unafyonzwa baharini, trola zinakokota nyavu juu ya tope, na kila mradi huja na ahadi kwamba sakafu ya bahari haitadhurika sana. Njia moja ya kupima ukweli wa ahadi hiyo ni kuhesabu viumbe wadogo wa chini ya bahari kabla ya kazi na baada yake. Lakini viumbe hao hubadilika wenyewe msimu kwa msimu, hata kama hakuna aliyewagusa. Asiyejua mabadiliko hayo ya kawaida hawezi kutofautisha kazi ya Mungu na kazi ya mkono wa mtu.

Ni minyoo gani hawa?

Sisi wa pwani tunawajua jamaa zao kwa ubaya. Mnyoo wa safura ni nematodi. Wale wanaoenezwa na mbu na kuleta matende na mabusha nao ni nematodi. Lakini wengi wa wale wanaoishi katika mashapo ya bahari, yaani mchanga na tope lililotua chini, hawamdhuru mtu. Wanaishi huru, wanajipinda kati ya chembe za mchanga wakitafuta riziki yao.

Wengi wao wana urefu wa nusu milimita hadi milimita 3, na unene wao ni mdogo kuliko unywele. Kwa sababu hiyo wanahesabiwa katika kundi la wanyama wa kati: wakubwa kuliko bakteria na vijidudu vya seli moja, wadogo kuliko chaza, kaa na minyoo wa chambo. Mtaalamu Mwingereza Molly Mare ndiye aliyelipa kundi hilo jina la meiofauna mwaka 1942. Kwa vitendo, ni wale wanaopenya tundu la chekeche la milimita 1 na kunaswa na chekeche lenye matundu ya kiasi cha sehemu 38 za milioni ya mita, yaani chini ya nusu ya sehemu ya kumi ya milimita.

Idadi yao ni ya kushangaza. Katika bahari ya kina kifupi, mita moja ya mraba ya sakafu ni kawaida kuwa na nematodi milioni moja au zaidi. Ukichukua meiofauna wote wa mahali pamoja, mara nyingi zaidi ya nusu yao ni nematodi, na kwenye tope wanaweza kupita tisa katika kila kumi. Na si wa aina moja. Sahani moja ya mchanga inaweza kuwa na aina kadhaa makumi, kila moja na mwili wake na kazi yake.

Jambo moja linawatofautisha na kaa, kamba na chaza. Wale wengi wao huanza maisha kama vifaranga vinavyoelea majini na kuchukuliwa na mkondo hadi mahali pengine. Nematodi hawana hatua hiyo. Mayai hutagwa ndani ya mashapo, watoto huanguliwa humo humo, na humo humo hukua. Mawimbi yanaweza kuwatimua na kuwahamisha, lakini kwa kawaida mahali palipoharibika wao huharibikiwa papo hapo. Ndiyo maana wanafaa kuwa mashahidi.

Mdomo ndio unaoeleza chakula

Mwaka 1953 mtaalamu wa Austria, Wolfgang Wieser, aliwagawa nematodi wa baharini katika makundi manne kwa kutazama midomo yao. Mgawanyo huo ungali unatumika.

Kundi la kwanza lina midomo midogo sana, karibu haina uwazi. Hawa hufyonza chembe ndogo kabisa, hasa bakteria. Kundi la pili lina mdomo mpana usio na meno, nao humeza chembe kubwa zaidi pamoja na mabaki, hata diatomu nzima. Kundi la tatu lina meno madogo. Hawa hukwangua vijimea vilivyoshika kwenye chembe za mchanga, au huvitoboa na kunyonya kilichomo. Kundi la nne lina meno makubwa au taya. Hawa huwinda, na wenzao wakiwemo katika windo, au hula kila wapatacho.

Mgawanyo huu si kamili. Wapo wanaokula hiki leo na kile kesho, kulingana na kilichopo. Hata hivyo unamsaidia mtafiti kuuliza swali la maana: chakula kipya kikishuka kutoka juu, ni kundi gani linaongezeka, na ni lipi linapungua?

Bahari inachanuaje?

Planktoni ya mimea ni vijimea vya seli moja vinavyoelea karibu na uso wa maji, palipo na mwanga. Diatomu, zenye ganda la madini yale yale yanayofanya kioo, ni kundi moja kubwa kati yake. Kama mimea ya shambani, vinahitaji mwanga na mbolea: naitrojeni, fosforasi, na kwa diatomu, silika. Vyote vikipatikana pamoja, vijimea hujigawa upesi na maji hubadilika rangi. Huko ndiko kuchanua kwa planktoni.

Katika Bahari ya Kaskazini, ile iliyo kati ya Uingereza na bara la Ulaya, msimu ni mmoja mkubwa. Wakati wa baridi mwanga ni mchache, kwa hiyo mbolea inayoletwa na mito kama Scheldt na Rhine hurundikana bila kutumiwa. Kuanzia mwezi Machi siku hurefuka, diatomu huchipuka, kisha huja Phaeocystis, kijimea kinachojikusanya katika madonge ya utelezi. Kufikia Aprili na Mei utelezi huo hupigwa na mawimbi ukawa povu jeupe linalofunika fukwe za Ubelgiji na Uholanzi. Mbolea ikiisha, vijimea hufa, hushikamana, na kuzama. Palipo na kina cha mita 10 au 20 tu, safari ya kwenda chini haichukui muda mrefu.

Hivyo kwa wiki chache wakazi wa chini hupata chakula kingi kuliko miezi mingine ya mwaka.

Mfano wa Ubelgiji: mchanga na tope havifanani

Pwani ya Ubelgiji ni fupi, lakini minyoo wake wamechunguzwa kwa subira kubwa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Ghent walirudi mara kwa mara mahali pale pale, kabla ya kuchanua, wakati wa kuchanua na baada yake. Kazi yenyewe ni ya mikono. Bomba huzamishwa katika mashapo na kutolewa likiwa limejaa, kisha mashapo hukatwa vipande sentimita kwa sentimita, ili ijulikane nani anaishi juu na nani anaishi chini. Minyoo hutenganishwa na mchanga kwa chekeche na kwa kimiminika kizito kinachowafanya waelee huku mchanga ukizama. Baada ya hapo huhesabiwa na kutambuliwa mmoja mmoja kwa hadubini.

Kuna uhusiano hapa na sisi ambao wengi hawaujui. Meli ya utafiti ya taifa letu, RV Mtafiti, inayotumiwa na taasisi ya KMFRI ya Mombasa, ilitoka huko. Kabla ya kuja Kenya iliitwa Zeeleeuw, na kwa miaka kadhaa ilikuwa ikiwabeba wanasayansi wa Ubelgiji katika bahari hiyo hiyo, hadi walipopata meli mpya mwaka 2012.

Walichokiona huko kwanza ni kwamba jibu la minyoo linategemea sakafu yenyewe.

Kwenye mchanga wa chembe kubwa, maji hupita kati ya chembe. Kila wimbi na kila mkondo husukuma maji ndani na kuyatoa, na pamoja nayo oksijeni. Mabaki ya planktoni yakitua, huingia ndani ya mchanga na kuoza upesi bila kumaliza hewa. Katika mahali pa namna hiyo mbele ya pwani ya Ubelgiji, idadi ya nematodi iliongezeka mara baada ya chakula kipya kufika, na aina zao pia ziliongezeka. Chakula kilikuja, pumzi ikabaki, wengi wakanufaika.

Kwenye tope hali ni nyingine. Chembe zake zimeshikana na maji hayapiti. Mabaki hurundikana juu, bakteria huyaozesha na kutumia oksijeni yote iliyopo. Tabaka lenye hewa huwa jembamba, pengine milimita chache tu, na chini yake hubaki tope jeusi lenye harufu ya yai viza. Yeyote aliyewahi kuzama mguu mikokoni anaijua harufu hiyo. Katika hali hii chakula ni tele, lakini si kila mtu awezaye kukila. Aina huwa chache, na zile zinazovumilia ndizo zinazotawala.

Wawili ni mfano mzuri. Daptonema, mwenye mdomo mpana usio na meno, ni mkazi wa karibu na juu, palipo na chakula kipya na hewa. Sabatieria anajulikana kwa kuvumilia upungufu wa oksijeni; humkuta ndani zaidi, mahali ambapo wenzake hawakai. Mtafiti akichota mashapo na kuyachanganya yote pamoja, atahesabu Daptonema na Sabatieria na asione tofauti. Akiyakata kwa tabaka, ataona kwamba minyoo wenyewe hupanda na kushuka msimu unapobadilika. Kwa hiyo jibu la kwanza kwa kuchanua si lazima liwe kuzaana. Linaweza kuwa kuhama kwa sentimita moja au mbili.

Je, wanakula planktoni yenyewe?

Mtu angedhani kwamba minyoo milioni moja katika mita moja ya mraba ndio wanaomaliza mabaki yote. Sivyo. Wataalamu waliwahi kukuza vijimea kwa kuvitia kaboni nzito, aina ya kaboni inayoweza kufuatwa kwa vipimo, kisha wakavimwaga juu ya mashapo na kutazama kaboni hiyo inaishia kwa nani. Kwa kawaida sehemu iliyopatikana ndani ya nematodi ni ndogo. Kazi kubwa ya kuozesha hufanywa na bakteria, na wanyama wakubwa zaidi nao huchukua fungu lao.

Basi mbona minyoo huongezeka? Wengine hula mabaki moja kwa moja. Wengine husubiri bakteria waongezeke kwanza, kisha hula bakteria. Wengine huwala wenzao walionenepa. Kila kundi lina saa yake. Kuna nematodi wanaokamilisha kizazi kwa siku chache au wiki chache, na kuna wanaohitaji karibu mwaka mzima. Wale wa haraka huonekana mapema. Wale wa polepole huonekana baadaye, pengine chakula chenyewe kikiwa kimekwisha.

Mchango wao mwingine hauonekani kwa kuhesabu kile kilichomo tumboni. Wanapojipinda ndani ya mashapo hufungua njia nyembamba na kuacha utelezi ambao bakteria huota juu yake. Wanapowala bakteria, huwafanya waliobaki waendelee kuzaana badala ya kudumaa. Kwa njia hiyo uozo huenda mbele, na mbolea iliyokuwa imefungwa katika mabaki hurudi majini, tayari kwa planktoni ya msimu ujao. Wao wenyewe pia huliwa na kamba wadogo, kaa na vitoto vya samaki vinavyotafuta riziki juu ya tope.

Kina kirefu: hata huko msimu hufika

Zamani ilidhaniwa kwamba chini kabisa ya bahari kuu hakuna misimu, kwa kuwa daima ni giza na baridi. Miaka ya 1980 wataalamu wa Uingereza walipiga picha na kuchukua mashapo katika eneo la Porcupine, magharibi mwa Ireland. Waligundua kwamba wiki chache tu baada ya planktoni kuchanua juu, tabaka la mabaki ya kijani hutanda chini, hata penye kina cha karibu mita 4,000. Mabaki hayo hushuka kwa kasi ya zaidi ya mita 100 kwa siku, kwa kuwa hushikamana na kuwa madonge. Huko chini bakteria na vijidudu vya seli moja huitikia upesi. Nematodi huko ni wa polepole zaidi. Hawaongezeki ghafla kama wale wa kina kifupi.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni Oman. Upepo wa kusi unapovuma kwa nguvu katika Bahari ya Arabia, maji baridi yenye mbolea hupanda kutoka chini na planktoni huchanua sana. Hali hiyo hiyo huonekana mbele ya Somalia. Mabaki ni mengi mno kiasi kwamba maji ya katikati, kuanzia kina cha mita mia moja hadi karibu elfu moja, hubaki na oksijeni kidogo sana. Wanyama wengi hawakai kwenye sakafu inayoguswa na maji hayo. Lakini utafiti uliofanywa mbele ya Oman na kuchapishwa mwaka 2000 ulikuta nematodi wako wengi hata humo, na kwamba ubora wa chakula kilichoshuka ulieleza wingi wao kuliko upungufu wa hewa. Mahali ambapo wengine wameondoka, wao hubaki na kuendelea na kazi.

Na huku kwetu?

Pwani ya Kenya haina msimu mmoja wa kuchanua kama wa Ulaya. Mwanga tunao mwaka mzima. Kinachobadilika ni upepo, mkondo na mvua, mambo ambayo wavuvi wetu wameyajua kabla ya vipimo vyovyote.

Wakati wa kusi, kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba hivi, upepo hutoka kusini, bahari huchafuka na maji ya juu huchanganyika kwa kina zaidi. Mkondo wa pwani hukimbia kwenda kaskazini kwa nguvu. Wakati wa kaskazi, kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, mkondo wa Somalia hugeuka na kushuka kusini, ukakutana na mkondo wetu katika maji ya upande wa Lamu, na yote mawili yakageukia baharini. Ndiyo sababu mojawapo ya kusifika kwa maji ya kaskazini kwa riziki ya samaki. Juu ya hayo kuna mito. Mvua za masika na za vuli zikinyesha bara, Sabaki na Tana huleta maji mekundu yenye udongo na mbolea. Mkazi wa Malindi hahitaji kuelezwa. Hutazama rangi ya maji ufuoni.

Kuchanua si heri siku zote. Mapema mwaka 2002 samaki wengi walikufa katika maji ya Kiunga na kuendelea hadi Somalia, na wataalamu wakakuhusisha kufa huko na kuchanua kwa planktoni yenye madhara.

Minyoo wa kwetu hawajaachwa bila kuchunguzwa. Mwaka 1992 ulichapishwa utafiti wa meiofauna chini ya aina tano za mikoko ya Gazi: mkoko wenyewe, mchu, mkandaa, muia na mlilana. Katika sentimita 10 za mraba walihesabiwa kati ya takriban wanyama 2,000 na zaidi ya 6,500, na nematodi walifikia asilimia 95 ya wote. Kwa lugha nyepesi, kwenye eneo dogo kuliko kiganja cha mkono kulikuwa na viumbe wengi kuliko watu wa kijiji.

Mwaka huo huo meli ya Uholanzi, Tyro, ilifanya kazi mbele ya pwani yetu. Ilipita mara mbili kwa makusudi: Juni na Julai wakati wa kusi, kisha Novemba na Desemba baada ya upepo kubadilika. Mashapo yalichukuliwa kutoka kina kifupi hadi mita 2,000 hivi. Mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Agnes Muthumbi, pamoja na wenzake wa Ghent, walitambua nematodi wa mashapo hayo na kueleza hata aina zilizokuwa hazijulikani kwa sayansi. Kazi yao ilionyesha jinsi jamii za minyoo zinavyobadilika mtu anapotoka kina kifupi kwenda kina kirefu. Basi elimu ya mambo haya si ya Ulaya tu. Sehemu yake imeandikwa kutokana na tope letu, na Mkenya akiwa miongoni mwa waandishi.

Kinachopungua ni ule mwendo wa subira uliofanyika Ubelgiji: kurudi mahali pamoja, mwezi kwa mwezi, mwaka kwa mwaka. Bila hivyo mtu ana picha mbili tatu, hana habari kamili.

Kwa nini jambo hili litushughulishe

Chukua mfano wa kufyonza mchanga. Huko Ubelgiji kuna fungu la mchanga chini ya bahari liitwalo Kwintebank, lililochimbwa kwa miaka mingi kwa ajili ya ujenzi. Mwaka 2003 sehemu yake ya katikati ilifungwa, kwa kuwa uchimbaji ulikuwa umeizamisha kwa kiasi cha mita 5. Miaka miwili baadaye watafiti walirudi kutazama minyoo, wakijua kwamba kufunga eneo ni jambo moja na eneo kurudi hali yake ni jambo jingine. Waliweza kuuliza swali hilo kwa sababu walikuwa na kumbukumbu za nyuma.

Wavuvi wetu wa kusini mwa Mombasa hawajasahau malalamiko yao juu ya meli za kufyonza mchanga. Kule ghuba ya Ungwana, ugomvi wa trola na wavuvi wadogo ni wa miaka mingi. Katika mivutano kama hiyo upande mmoja husema bahari imeharibika, upande wa pili husema ni msimu tu, itarudi. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli, na wote wawili wanaweza kuwa wanakosea. Bila vipimo vya misimu yote hakuna wa kuamua.

Fikiria mradi uliopima sakafu ya bahari mara moja tu kabla ya kazi kuanza, wiki chache baada ya masika, tope likiwa limepata chakula kipya. Baada ya kazi wakapima tena, safari hii katikati ya kaskazi. Minyoo wakionekana wachache, nani wa kulaumiwa, mashine au msimu? Sasa geuza. Wamepima kwanza wakati minyoo ni wachache, na baadaye wakati chakula kimeshuka. Hesabu zitaonyesha kwamba hakuna kilichoharibika, hata kama nusu ya aina zimepotea na mahali pao pamechukuliwa na aina mbili tatu za haraka. Hapo idadi inadanganya.

Kwa hiyo wakati ripoti ya mazingira inapoletwa mbele ya wananchi kwa maoni, na sheria yetu inataka iletwe, kuna maswali manne ambayo hata asiye mtaalamu anaweza kuyauliza.

La kwanza: mlipima lini, na mara ngapi? Kipimo cha kusi peke yake au cha kaskazi peke yake hakitoshi.

La pili: mlipima wapi? Mchanga na tope havijibu sawa. Kipimo cha mchangani hakiwezi kusema habari za tope la jirani, na mbele ya mdomo wa mto si sawa na nyuma ya mwamba.

La tatu: mlihesabu idadi tu, au mlitambua aina? Mwaka 1990 mtaalamu wa Uholanzi, Tom Bongers, aliweka kipimo kinachowapanga nematodi kuanzia wale wanaozaana upesi mahali palipovurugwa hadi wale wa polepole wanaohitaji mahali patulivu. Wingi wa kundi la kwanza peke yao si dalili ya afya.

La nne: mahali gani hapakuguswa, ili tulinganishe? Kama kuna eneo la jirani lisilochimbwa linalopimwa siku zile zile, msimu utaonekana kote kuwili, na tofauti itakayobaki ndiyo ya mradi.

Maswali haya hayahitaji hadubini. Yanahitaji mtu asimame kwenye baraza na kuuliza. Wavuvi na wazee wa vijiji vya ufuoni wana haki ya kuyauliza, na wana elimu ambayo mtafiti wa kuja na kuondoka hana: wanajua maji ya Sabaki hufika wapi mwaka wa mvua nyingi, tope linahama lini, na kamba huonekana upande gani upepo ukigeuka. Elimu hiyo ikikaa pamoja na hesabu za maabara, tutajua mnyoo asiyeonekana anasema nini juu ya samaki tunayemtarajia mezani.